Pishi ya nani? Kisa cha kopo la rangi kwenye shamba la karafuu

Mama mmoja alileta pishi 12 za karafuu mbichi, akaandikiwa 9.

Kisa ni hicho, mengine yote ni maelezo yake. Kilitokea katikati ya msimu, kaskazini ya Pemba, njia ya kwendea Konde, kwenye shamba la eka tatu ambalo mjomba wangu analiangalia kwa niaba ya ndugu zake. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa. Wachumaji wamemaliza kuchambua, karafuu upande mmoja, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande mwengine, kila mtu amekaa na polo lake anangoja kupimiwa. Mama huyu, mtu wa upande wa Micheweni ambaye huja shambani petu kila msimu, alikuwa ameshazipima zake kwa pishi ya mti aliyokuja nayo kutoka kwao. Mjomba akazipima tena kwa kipimo cha shamba: kopo tupu la rangi. Akalijaza, akaligonga chini mara tatu, akaongeza mpaka juu pakawa na kilima, akamimina jamvini huku anahesabu kwa sauti. Alipofika 9, ndani ya polo zilikuwa zimebaki za kujaa viganja.

"Mbona miye n'na kumi na mbili, baba?"

"Mama, hesabu ni hii, kila mtu anaiona."

"Naiona. Lakini hiyo ni pishi ya nani?"

Hakupandisha sauti. Akakunja polo lake, akapokea ujira wa pishi 9, akenda zake. Asubuhi ya pili hakuja, na hawakuja wenzake watatu aliofuatana nao.

Anayeijua karafuu anajua maana ya kukosa watu wanne wakati kama ule. Karafuu huchumwa ikiwa bado kitumba, imeshaanza kugeuka rangi lakini haijafunguka. Ikichanua mtini, thamani yake imeshaanguka. Haimngoji mtu amalize ugomvi wake. Usiku ule mjomba akanipigia simu. Mimi kazi yangu ni kuwaandikia watu hesabu, mjini Unguja, na nilikuwa nimeshapanga kwenda Pemba wiki ile.

"Njoo na hiyo kalkuleta yako," aliniambia. "Watu wananiita mwizi bila ya kulitaja neno lenyewe."

Nilipofika niliomba vipimo kwanza, maneno baadaye. Mama yule alikuwa amefikia kwa jamaa zake, hapana mbali. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamwambia nimetumwa na nani na nataka nini. Aliniangalia kidogo, akaingia ndani, akatoka na pishi yake. Chombo cha mti, cheusi kwa kushikwa, mdomo umelika upande mmoja. Ilikuwa ya mama yake. Huipimia mchele wa fitra kila mwisho wa Ramadhani, na karafuu kila msimu.

Kwa msomaji ambaye pishi ameisikia kwa bibi yake tu: hiki ni kipimo cha ujazo, hakipimi uzito. Pishi moja ni vibaba 4. Pishi 60 zilikuwa jizla moja, neno ambalo leo ukilisema sokoni Chake Chake vijana watakutazama usoni. Pishi ya mchele wazee waliihesabu kuwa ratili 6, yaani kilo 2 na gramu mia saba na kitu. Nikaijaribu ya mama yule kwa mchele, mfuto, kwenye mizani ya duka la jirani. Kilo 2.7. Mti umechakaa lakini hausemi uongo.

Hilo neno mfuto limebeba nusu ya kisa. Kibaba au pishi ya mfuto ni ile iliyofutwa sawa na mdomo wa chombo, kwa kiganja au kwa kijiti. Ya tele ni ile iliyojazwa ikapanda juu. Ni maneno ya zamani, wageni walioandika kamusi za lugha yetu karne ya 19 waliyakuta tayari, na kuwepo kwake kunaonyesha kwamba watu wa wakati ule walijua "pishi moja" haitoshi kuwa jawabu. Ulikuwa huna budi kuuliza: ya mfuto au ya tele? Sisi tumelibakisha jina la kipimo na suali lake tumelipoteza njiani.

Nikachukua jagi la lita moja kutoka jikoni kwa mjomba, lenye mistari, nikavipima vyombo vyote viwili kwa karafuu mbichi zile zile. Pishi ya mti, mfuto, ilikula majagi 3 na karibu nusu. Niliandika lita 3.4. Kopo la rangi ni lile linaloitwa galoni madukani, la lita 4. (Galoni ya Kiingereza yenyewe inapita lita 4 na nusu, lakini tukianza na hiyo hatutamaliza.) Kwa mfuto lilikula lita 4 kamili. Kwa namna anavyopima mjomba, mara tatu chini na kilima juu, lilikula lita 4 na nusu.

Baada ya hapo hesabu haikuwa na kazi. Pishi 12 za mama ni lita 40.8. Zigawe kwa kopo la mfuto, unapata 10.2. Zigawe kwa kopo la tele lililogongwa, unapata 9 na viganja. Kwa hivyo zile pishi 3 zilipotea mahali pawili: karibu 2 zilimezwa na tumbo la kopo, na moja na kidogo ikaenda na namna ya kulijaza.

Nikamwonyesha mjomba. Alikaa kimya.

"Mimi sikuibadilisha pishi," akasema hatimaye. "Pishi ilikufa."

Na ni kweli. Pishi ya shamba, nayo ya mti, ililiwa na mchwa misimu miwili nyuma. Siku hiyo karafuu zimeshachumwa, watu wamekaa, fundi wa kuchonga nyengine hayupo. Kulikuwa na kopo la rangi lililobaki baada ya kupaka milango. Akalichukua kwa siku moja. Siku moja ikawa msimu, na msimu ukaitana na wa pili. Bei ya pishi haikuguswa.

Hapa ndipo watu wengi wakinisikiliza hupata haraka ya kuhukumu, na mimi nataka niende polepole. Hakuna siku ambayo mjomba alikaa akaazimia kuwapunguzia watu ujira. Ujira ulipungua hata hivyo. Makopo 3 ya tele ni sawa na pishi 4 za zamani, karibu sawa kabisa, kwa hivyo kazi iliyokuwa ikilipwa 4 ikawa inalipwa 3. Angetangaza asubuhi moja kwamba msimu huu anakata robo ya ujira, shamba lingebaki na ndege. Lakini aliyebadilika alikuwa ni kopo, bei ilikuwa ile ile na neno lilikuwa lile lile. Mchumaji angelalamikia nini? Alikuwa amepatana kwa pishi, na kwa pishi alilipwa. Ilimhitaji mtu mwenye pishi ya mama yake ndani ya kikapu ndipo jambo likapata mdomo.

Jawabu la haraka nililisikia kwa binamu yangu, na sitaki kujitoa, hata mimi nilikwenda nalo kichwani: achaneni na mambo ya kale, nunueni mizani, lipeni kwa kilo. Nikalijaribu. Asubuhi, umande bado uko majanini, nikapima uzito wa kopo la mfuto la karafuu zilizochambuliwa. Mchana, jua limeshawaka, nikapima jengine. La asubuhi lilizidi kwa zaidi ya gramu 100, na ile ziada ilikuwa maji matupu. Ikinyesha mvua ya vuli ndiyo usiseme. Ukilipa kwa kilo unanunua umande, na mchumaji akishalijua hilo atachuma alfajiri na polo ataliacha nje. Chombo cha ujazo hakidanganywi na maji namna hiyo: karafuu iliyolowa na isiyolowa hukaa ndani yake karibu sawasawa. Waliochagua pishi kwa karafuu mbichi walijua walichokuwa wakikifanya.

Karafuu kavu ina mambo mengine. Ikishaanikwa majamvini siku kadhaa za jua, uzito wake hushuka hadi kama theluthi, na hapo kilo ndiyo yenye maana. Kwa sheria, karafuu ya Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kituoni kuna mizani, kuna madaraja, kuna bei ya kilo inayotangazwa na kila mtu anaijua. Lakini yote hayo yanaanzia mlango wa kituo. Kutoka mtini mpaka jamvini hakuna bei iliyotangazwa wala chombo ambacho mtu wa Serikali amewahi kukitia mkononi. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, ipo, ila sijawahi kumwona aliyekuja nayo chini ya mkarafuu. Mkulima akipunjwa kwenye kilo ana pa kwenda. Mchumaji akipunjwa kwenye pishi, ana kukunja polo lake tu.

Na hali hii ina umri. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho chenye karafuu nyingi. Wachumaji wa wakati ule wengi wao walikuwa watumwa. Amri ya Aprili 1897 ikauondolea utumwa nguvu ya sheria, na kazi ya kuchuma ikaanza kununuliwa. Kipimo cha kuinunulia kikawa pishi, na malipo yakawa kwa pesa, ile sarafu ndogo ambayo 64 zake zilikuwa rupia moja. Rupia ikaondoka 1936, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, halafu shilingi ya Tanzania. Karafuu kavu ikatoka kwenye farasila ya ratili 35, ambayo ni kilo 16 kasoro kidogo, ikaingia kwenye kilo. Usultani ukaondoka, Mwingereza akaondoka. Pishi ya mchumaji iko pale pale, na anayeishika ni yule yule mwenye shamba. Mashamba mawili ya jirani niliyopita wiki ile, moja lilikuwa na ndoo ndogo ya plastiki, la pili sufuria lililovunjika mkono. Vyote viwili vinaitwa pishi.

Mchumaji mmoja kijana, yule wa ngazi, alimwita mjomba "nokoa" akidhani sisikii. Nokoa alikuwa mkubwa wa kazi shambani zama za utumwa. Nilimfikishia mjomba kama utani. Alicheka, lakini si sana.

Si kila kipimo cha kale kina ugomvi ndani yake, nisieleweke vibaya. Doti ya kanga ilianza zamani, watu wanapima nguo kwa mikono, mikono 4 shuka na shuka mbili doti. Leo hakuna anayenyoosha mkono dukani, doti ni vipande viwili vilivyotoka kiwandani, mtoto anaweza kuvihesabu, na muuzaji hana namna ya kuirefusha doti anaponunua na kuifupisha anapouza. Imebaki jina la kale juu ya kitu ambacho hakina mwenye kukishika peke yake. Pishi ya shambani bado ina mwenyewe.

Mjomba naye ana kipimo chake kilichomshika shingo, nacho ni eka. Yeye ni msimamizi, shamba hasa si lake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa kuwa ya Serikali, na chini ya amri ya 1966 wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Babu alikuwa mmoja wao. Alipewa haki ya kulitumia shamba, hakupewa ya kuliuza. Sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 ilipanga upya mengi, lakini ardhi imebaki ya umma, na karatasi ya babu imebaki inasema eka. Sasa eka ni kipimo cha Uingereza ya kale, kiasi cha ardhi ambacho jozi ya ng'ombe ingeweza kulima kwa siku moja. Ng'ombe hao hawajawahi kufika kwenye mikarafuu ya Pemba. Katika ukoo wetu hakuna anayeweza kukuonyesha eka moja inaishia wapi. Idadi ya miti, hata ukimwamsha mtu usingizini atakutajia. Kwetu tangu zamani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwengine, na warithi wa babu waligawana kwa kuhesabu mikarafuu, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja.

Warithi ni watano. Wawili wako Unguja, mmoja Muscat, mmoja Dar es Salaam. Aliyebaki Pemba ni mjomba. Wale wanne wanajuaje kwamba karafuu yao haiendi upande? Kwa daftari. Mwisho wa msimu mjomba huwapigia picha kurasa zake: zimechumwa pishi kadhaa, zimeuzwa kilo kadhaa. Wao wanagawa hii kwa hii. Msimamizi mwenye kilo nyingi kwa pishi chache ni msimamizi mzuri, anajua kuwabana watu.

Ukishalielewa daftari hilo ndipo unaelewa kwa nini mjomba alilitetea kopo kwa nguvu kuliko nilivyotazamia. Tangu liingie, pishi za kwenye daftari zilishuka na kilo zikabaki mahali pake. Mbele ya ndugu zake akawa anaonekana msimamizi bora kuliko marehemu baba yao. Dada yake mkubwa alimsifu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na hakuna aliyeuliza imekuwaje. Kulirudisha kopo kwenye haki yake ilikuwa ni kuonekana ghafla kwamba mkono umelegea na fedha za watu zinamwagika. Kwa hivyo yeye alibanwa na kopo kutoka juu, kama alivyombana mama wa Micheweni kutoka chini. Sisemi wamebanwa sawa.

Jioni ya siku ya pili alikuja maalimu wa msikitini. Sikumwita mimi, nadhani ni mke wa mjomba. Alikuja na pishi ya msikiti, ile ya fitra, ya bati, kaitia ndani ya kikapu. Kwa madhehebu ya Shafi fitra ni saa moja ya chakula, saa ya kipimo cha Kiarabu, si ya ukutani, na saa hiyo ni mudi 4, kama pishi ilivyo vibaba 4. Ndiyo maana wazee wetu walitoa pishi na wala hawakubabaika, ingawa siku hizi hutangaziwa kilo. Tukaipambanisha na ya mama. Zilipishana kwa kiganja kisichojaa. Kopo tukaliweka katikati yao, likakaa kama mgeni aliyeshiba.

Mjomba akaanza yeye. "Maalimu, mimi sikumpunja mtu. Anayepunja ni muuzaji. Mimi siuzi hapa, napokea."

Maalimu akamwambia aisome Suratul Mutaffifina kutoka mwanzo, asirukie mwisho. Wanaotajwa kwanza ni wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie. Wakipima wao na kupunguza, hilo linafuata.

Mjomba hakukubali upesi, na kwa kweli hoja yake haikuwa mbaya. Alisema aya zinawalaumu watu hao kwa mawili yakiwa pamoja, wapokee tele na watoe pungufu, na yeye hilo la pili hana, karafuu anazouza zinapimwa kwa mizani ya Serikali wala hazigusi.

Maalimu akafikiri kidogo, kikombe mkononi. "La pili unalo," akasema. "Karafuu unapokea kwa kopo hili, na ujira unautoa kwa kopo hili hili. Likizidi huku, limepunguza kule."

Nimesoma hesabu miaka kadhaa, na sijui kama nimewahi kusikia mizania ikielezwa vizuri zaidi.

Kulipokucha tukakaa kutafuta njia. Ya kilo ilishakufa na umande. Mjomba alipendekeza kopo libaki na bei ipande. Kama pishi ilikuwa shilingi 1,000, natumia tarakimu ya mfano ili hesabu iwe nyepesi, basi kopo liwe 1,320 na kitu. Kwenye karatasi ni kitu kimoja, na mimi nilishaanza kukubali. Lilikuwa na faida kwamba daftari la ndugu halitingishiki sana. Tukamwita mama. Alilikataa kabla chai yake haijapoa.

"Bei ni maneno, baba. Msimu ujao utaniambia karafuu imeshuka, na bei itashuka. Kopo litabaki na tumbo lake."

Sikuwa nimeliona hilo, na nadhani ndilo jambo kubwa nililolipata kwenye safari ile. Bei inajadiliwa kila mwaka, kila mtu anajua kwamba imo mashauri. Kipimo hakijadiliwi, watu wanakikuta. Aliyekubali kopo kubwa kwa bei kubwa ameuza cha kudumu kwa cha msimu mmoja. Mama ambaye hakuwahi kushika kalkuleta aliijua hatari ya mkataba ule kuliko mimi na mjomba.

Ikakubaliwa kopo likatwe. Akaja fundi bati, tukamimina majagi 3 na visehemu 4 vya kumi vya karafuu, mfuto, akachora mstari kwa msumari, akakata kwa mkasi wake, akaupinda ukingo usije ukachana mikono. Kijiti cha kufutia kikafungwa kwa uzi kwenye mkono wa kopo.

Mabishano marefu kuliko yote yalikuwa juu ya kugonga, jambo ambalo mimi nililidhani dogo. Mjomba alisema karafuu zikimiminwa taratibu zinakaa zimebebana, katikati hewa tupu, na mchumaji mjanja anaweza kukuuzia hewa hiyo. Ana haki. Huo ndio udhaifu wa ujazo, kama maji yalivyo udhaifu wa uzito. Wachumaji wakasema ukigonga mara tatu nao wanauziwa mgongo wao. Mtu akataja mara mbili, mwengine akasema isigongwe kabisa. Mwishowe wakapatana hivi: kujaza ni kazi ya mchumaji, kugonga ni mara moja tu, na kufuta kwa kijiti ni kazi ya mjomba. Kila mmoja ameshika kitu mwenziwe anakitazama. Asubuhi iliyofuata wale wanne walikuwa shambani kabla yangu.

Yakabaki ya nyuma. Niliyapitia madaftari ya misimu ile miwili, nikahesabu makopo 860. Kwa pishi ya haki yalikuwa 1,138. Tofauti ni pishi 278, na kwa ile bei ya mfano ni shilingi 278,000. Mjomba alipoiona tarakimu alisema atalipa, na ninaamini alikusudia. Ila alipe nani? Madaftari yake yameandikwa kwa ajili ya ndugu, na ndugu hawahitaji majina ya wachumaji. Kuna "Mama Micheweni". Kuna "kijana wa ngazi". Kuna "wawili wa Makangale" na "mkwe wa fundi". Kurasa nyingi hazina hata hayo, ni safu ya 3, 5, 4, 7, na jumla chini yake. Makopo niliyoweza kuyapatia mtu anayejulikana yalikuwa 310. Maalimu alisema haki ambayo mwenyewe hapatikani hutolewa sadaka kwa niaba yake. Mjomba akasema tusifanye haraka, msimu ujao watakuja wenyewe na atawauliza mmoja mmoja. Mama wa Micheweni alilipwa siku ile ile. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye upindo wa kanga, kisha akauliza za wenzake ziko wapi.

Msimu ulipokwisha mjomba akapiga picha kurasa zake, kama kawaida, akazituma. Nilikuwa nimekaa naye barazani. Haikupita saa, dada yake wa Unguja akapiga. Hakuanza na salamu ndefu.

"Pishi zimezidi hivi, na kilo ni zile zile. Kuna nini huko?"

Mjomba akanitia simu mkononi.